Jioni Moja kwenye Tao la Jiwe la Spitzkoppe: Mwongozo kwa Watu wa Lubumbashi Wanaoshuka Walvis Bay

Wafanyabiashara na madereva wa Lubumbashi wanaijua Walvis Bay ya Namibia kwa bandari yake. Unatoka Kasumbalesa, unaikata Zambia yote hadi Sesheke, unavuka Zambezi kuingia Katima Mulilo, unapita Rundu, Grootfontein na Okahandja mpaka bahari ya Atlantiki. Unachukua motokari au unafuata kontena, unarudi. Ni zaidi ya kilomita 2,500 za kwenda tu, na mtu akifika nyumbani ukamuuliza aliona nini, anakutajia foleni za mpakani na bei ya mafuta. Ilhali barabara kuu ya kwenda baharini, B2, inapita karibu na mmoja wa milima ya mawe mizuri kuliko yote niliyoiona. Ukipita mchana baada ya Usakos unauona upande wa kaskazini, umesimama peke yake juu ya uwanda mkavu usio na mti wa kuuficha.

Huo ni Spitzkoppe. Ni graniti tupu. Kilele chake kina mita 1,728 kutoka usawa wa bahari, karibu mita 700 juu ya ardhi inayouzunguka. Ndani ya eneo lake kuna miamba mingi midogo, na mmojawapo umetobolewa na hali ya hewa ukabaki tao pana la jiwe ambalo mtu anasimama chini yake wima. Mwongozo huu ni wa jioni moja: kufika, kutembea hadi kwenye tao jua likizama, na kurudi kambini kila mtu akiwa mzima. Hapo kwenye kurudi ndipo nitakapokaa zaidi, kwa sababu ndipo watu wanapoumia.

Kwanza, ipate siku

Wengi wetu hatuendi Namibia kutalii. Tunaenda kazini, kwa hiyo siku ya matembezi inabidi ipatikane ndani ya safari ya kazi. Nafasi nzuri ni zile siku za kusubiri karatasi za forodha. Motokari imeshashuka melini, wakala anakwambia "keshokutwa", nawe umekaa chumbani Walvis Bay unatazama ukungu huku pesa ya chakula inaisha. Kutoka hapo hadi Spitzkoppe kwa kupitia Swakopmund ni mwendo wa saa mbili hadi mbili na nusu. Ondoka asubuhi, lala mlimani usiku mmoja, kesho yake mchana uko tena bandarini.

Usiende na motokari uliyokuja kuichukua ikiwa bado iko kwenye karatasi za kupita nchini. Karatasi zile zina njia na zina tarehe, na barabara ya mlimani iko nje ya njia hiyo. Muulize wakala wako kabla. Akisita, basi jibu ni hapana. Kodini motokari Swakopmund, mgawane gharama watu watatu au wanne, au jiungeni na gari la watalii linaloondokea mji huohuo. Kwa dereva wa kamyo neno ni fupi zaidi: kamyo ibaki kwenye maegesho yenye mlinzi.

Msimu mzuri ni kuanzia Mei hadi Septemba. Hewa ni kavu, mchana joto linavumilika, usiku ni baridi. Desemba hadi Februari jua ni kali mno na graniti inahifadhi joto hilo mpaka usiku; ukilazimika kwenda miezi hiyo, usianze kutembea kabla ya saa 11 jioni. Mvua, inapokuja, huja zaidi kati ya Januari na Aprili, na graniti ikilowa hakuna kupanda. Si jambo la kujadiliana na mtu.

Julai na Agosti watalii ni wengi, kwa hiyo nafasi ya kambi iombwe mapema. Pasipoti, viza na kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano mnazo tayari kwa ajili ya safari yenyewe. Mzibebe mkononi hata huku, msiziache kwa wakala.

Pili, hesabu jua kuanzia mwisho

Hapa ndipo mtu wa Lubumbashi anapopotea kirahisi. Simu yako haibadilishi saa ukifika Namibia. Tangu 2017 Namibia iliacha kurudisha saa nyuma wakati wa baridi, na sasa mwaka mzima saa yao ni sawa na yetu ya Katanga. Lakini jua lenyewe halifuati simu. Spitzkoppe iko magharibi mwa Lubumbashi kwa nyuzi kama 12 za longitudo, na kila nyuzi moja ni dakika 4 za jua. Kwa hiyo adhuhuri ya kweli inachelewa kule kwa karibu dakika 50. Tena kule ni kusini zaidi, kwa hiyo mchana wa Juni ni mfupi kuliko wetu na mchana wa Desemba ni mrefu kuliko wetu.

Matokeo yake ni haya. Mwishoni mwa Juni, jua likizama Lubumbashi kama saa 12 kasoro dakika 5 jioni, Spitzkoppe linazama kama saa 12 na dakika 25. Mwishoni mwa Desemba linazama kule kama saa 1 na dakika 40 usiku. Usikisie kwa mazoea ya nyumbani. Tazama saa ya machweo kwenye simu ukiwa bado Swakopmund penye mtandao, uiandike kwenye karatasi.

Sasa hesabu kurudi nyuma. Tuseme ni Juni. Jua linazama 12 na dakika 25. Baada ya hapo unabaki na dakika 20 na kidogo za mwanga unaotosha kuona mguu unakanyaga wapi. Kwa hiyo kufikia saa 12 na dakika 40 watu wote wawe wameshuka kwenye jiwe, wako mchangani. Kukaa kwenye tao ni saa nzima kabla ya machweo, kwa sababu rangi nzuri huanza mapema kuliko watu wanavyodhani. Basi uwe umefika juu saa 11 na dakika 25. Kama mtatembea kwa miguu kutoka kambini na njia yenu ni ya saa moja, mnaondoka saa 10 na dakika 20. Kabla ya hapo mpige hema, mle, mjaze maji. Hiyo inamaanisha kufika getini saa 8 na nusu mchana, na kuondoka Walvis Bay si baada ya saa 5 asubuhi. Saa 5 hiyo ndiyo ya kuilinda. Anayesema "tumalize kwanza jambo dogo mjini" ndiye anayewashusha wenzake jiwe gizani.

Angalia na mwezi pia. Siku mbili tatu kabla ya mwezi mpevu, mwezi unakuwa tayari uko juu jua likizama, na njia ya kurudi inaonekana nyeupe. Siku ya mwezi mpevu unachomoza karibu na machweo. Baada ya hapo unachelewa kwa karibu saa moja kila siku, na matembezi yako ya kurudi yote yatakuwa gizani. Kwa kundi lenye watoto au watu wasiozoea, chagua zile siku mbili tatu za kabla. Anayependa nyota aende mwezi ukiwa mwandamo. Anga la kule, bila taa za mji, linajaa mpaka unakosa kuitambua Krosi ya Kusini uliyozoea kuiona nyumbani.

Tatu, jaribu viatu hapa Lubumbashi

Kimo hakitakusumbua. Lubumbashi iko kwenye mita 1,200 hivi, na ardhi ya chini ya Spitzkoppe iko chini kidogo ya hapo, kwa hiyo mapafu yako yameshazoea. Kinachotaka mazoezi ni vifundo vya miguu na macho.

Chukua jioni moja kabla ya safari, vaa viatu vilevile utakavyovaa kule, utembee kandokando ya ziwa la Tshombe au njia yoyote ya udongo unayoiamini, kuanzia jua likizama mpaka giza liingie. Kisha tafuta kisugulu kikubwa, vile vya nje ya mji vinavyopita paa la nyumba, upande na ushuke mara kadhaa kwenye ule mwanga hafifu. Utaona mwenyewe: kupanda ni rahisi, kushuka mguu unatafuta mahali. Kiatu kinachobana vidole wakati wa kushuka kisugulu kitakuumiza mara mbili kwenye graniti. Soli iwe ya mpira laini yenye meno, isiyokwisha. Viatu vya ngozi vya kazini vinateleza. Sandali ni za kambini tu.

Vya kubeba, kwa kila mtu na si kwa kundi:

- Maji lita 3, hata kama mwendo ni mfupi. Hewa ya kule inakausha jasho kabla hujaliona, mtu anadhani hakutoka jasho kabisa. Viwanja vingi vya kambi havina bomba wala umeme, basi ongezeni bidoni ya lita 20 kwa kundi, ijazwe Swakopmund au Usakos.
- Taa ya kichwani, na betri mpya. Tochi ya simu si taa ya kushukia: inakunyima mkono mmoja, na betri inakwisha kwa picha.
- Koti la upepo na sweta. Baridi ya Juni ya Lubumbashi tunaijua, lakini kule hakuna mawingu wala unyevu wa kuzuia joto lisipae, na jua likishazama unahisi badiliko ndani ya nusu saa.
- Kofia, filimbi, kitambaa cha kufungia kifundo kikiteguka, na dawa zako kama unazo.
- Chakula kikavu chenye chumvi. Karanga zinafaa kuliko biskuti. Vinkubala, yaani viwavi, vilivyokaushwa vinafaa kuliko vyote viwili.

Nyama mbichi msibebe kutoka kaskazini. Namibia ina uzio wa mifugo unaokata nchi upana wake wote, kwa sababu ya ugonjwa wa miguu na midomo wa ng'ombe, na kwenye barabara ya Rundu kwenda Grootfontein mnasimamishwa pale Mururani mkaguliwe. Nyama ya kuchoma jioni nunueni kusini ya hapo. Swakopmund ina maduka ya kila namna. Randi ya Afrika Kusini inapokelewa Namibia kwa thamani sawa na dola yao, basi waliobadilisha pesa Zambia wasihangaike kubadilisha tena.

Nne, njia

Kutoka Swakopmund fuata B2 kuelekea Usakos. Mtapita Arandis na njia ya mgodi wa urani wa Rössing. Baadaye kushoto kunatoka D1918, na hapo lami inakwisha. Kutoka D1918 mnaingia D3716 hadi getini. Vibao vipo. Wanaotoka upande wa Lubumbashi moja kwa moja, kabla hawajafika baharini, wanaikuta D1918 kulia baada ya kupita Usakos.

Barabara ya changarawe inadanganya kwa unyoofu wake. Inaonekana ni ya kukimbia, lakini ukipiga breki ghafula motokari inaendelea peke yake. Kilomita 60 kwa saa zinatosha. Kumbuka pia mnatembea upande wa kushoto wa barabara. Dereva wa Lubumbashi anayefika kwenye njia tupu, bila gari lingine la kumkumbusha, mkono wake unarudi kulia wenyewe. Abiria wa mbele awe na kazi hiyo moja ya kumwangalia.

Jazeni mafuta kabla ya kuacha lami.

Tano, getini

Kambi inaendeshwa na jamii ya pale, wengi wao Wadamara, na pesa ya mlangoni ndiyo inayowalisha. Lipeni bila ubishi. Salimieni kwanza, hasa wazee, kabla ya kuuliza bei. Adabu hiyo inaeleweka hata penye lugha tofauti. Kiswahili hakitawasaidia. Kiingereza kidogo cha Kasumbalesa kinatosha.

Getini ombeni mambo matatu. Ramani ya njia za ndani, na mwonyeshwe kwa kidole kiwanja chenu kiko wapi na tao liko wapi, maana eneo ni kubwa na viwanja vimetawanyika kuuzunguka mlima. Pili, waulizeni kama njia ya miguu kwenda kwenye tao iko wazi siku hiyo. Tatu, waachieni majina ya wanaotembea na saa mnayotarajia kurudi. Kama mna siku ya ziada na mnataka kuona michoro ya kale ya Wasan kwenye miamba, chukueni kiongozi wa pale, na mkiwa mbele ya michoro msiiguse wala msiimwagie maji ili ing'ae kwenye picha. Watu walifanya hivyo miaka mingi na rangi imefifia isirudi.

Ombeni kiwanja kilicho karibu na tao ikiwezekana. Wapo wanaoegesha chini kabisa ya tao, wakapanda dakika chache, wakapiga picha, wakaondoka. Kwa mzee au mwenye goti bovu hiyo ni njia nzuri na asione haya. Kwa wengine nashauri mwende kwa miguu, hata mwendo wa saa moja tu kwenye njia ya mchanga inayouzunguka mlima. Jiwe hili linataka kutazamwa kutoka pande nyingi. Kutoka dirishani unaona ukuta. Ukitembea unaona linavyofunguka, bonde dogo hapa, jiwe la mviringo limekaa juu ya jingine pale, mti mmoja umejishika kwenye ufa.

Sita, kutembea

Mmoja mbele, mmoja nyuma, na wa nyuma awe mtu mzima mwenye filimbi. Mwendo ni wa yule aliye mzito kuliko wote. Kila baada ya dakika kumi, simameni mgeuke nyuma. Si mapumziko: mnajifunza sura ya njia ya kurudi. Njia ikitazamwa kwa kurudi ni njia nyingine, na kivuli cha jioni kinaibadilisha tena. Tafuteni alama kubwa zisizohama, kama mwamba wenye umbo fulani au pengo kati ya vilima viwili. Kichaka si alama.

Mtaona mimea yenye vidole vinene na miiba, jamaa ya mnyaa wetu. Msiivunje na msiiwashe moto. Utomvu wake mweupe unaunguza ngozi na unaweza kumharibu mtu macho, na moshi wake ni sumu. Kuni nunueni.

Wanyama wa hapo wengi ni wadogo. Pimbi wanalala juu ya miamba na kupiga kelele mnapokaribia, mbuzimawe mkibahatika. Wa kuogopwa ni moma, yule nyoka mnene asiyekimbia. Jioni hulala palipo na joto, yaani njiani hasa, na rangi yake ni ya mchanga. Kwa hiyo macho yawe chini, mikono isiingie kwenye nyufa, na hakuna kukaa juu ya jiwe kabla ya kutazama upande wake wa pili.

Mkifika kwenye mteremko wa graniti wenyewe, simameni kwanza chini muutazame. Inama uone jiwe kwa karibu, jicho likiwa kiganja kimoja tu kutoka kwake. Punje zake ni kubwa, unaweza kuzihesabu: za rangi ya waridi na chungwa ni feldispa, za kijivu zinazopitisha mwanga ni kwatzi, na vijipande vyeusi vinavyometa ni mika. Sisi wa Katanga tumezoea mawe yenye kijani cha shaba ndani yake, mawe ya tabaka yaliyolala chini ya maji zamani. Hili halikuwahi kulala popote. Lilipanda likiwa limeyeyuka kutoka chini ya ardhi zaidi ya miaka milioni 120 iliyopita, enzi ambazo Afrika na Amerika ya Kusini zilikuwa zikiachana, likapoa taratibu likiwa limefunikwa, ndiyo maana punje zilipata muda wa kukua. Mawe ya juu yake yaliliwa na mmomonyoko, uzito ukapungua, na graniti ikaanza kubanduka tabaka kwa tabaka kama kitunguu. Tao limetokana na kazi hiyohiyo: joto la mchana, baridi ya usiku, ukungu unaoingia kutoka baharini, chumvi, upepo, vyote vikila palipo dhaifu mpaka pakatoboka.

Jiolojia hiyo ina maana kwa mguu wako. Graniti kavu inashika soli vizuri kushinda unavyotarajia. Vinavyoangusha watu ni viwili. Kwanza, punje zilizong'oka na kukusanyika kwenye vidimbwi na kwenye miteremko. Zinabingirika chini ya kiatu. Kanyaga pembeni yake au uzipanguse kwa mguu kabla ya kuweka uzito. Pili, zile tabaka nyembamba zinazobanduka. Gonga kwa kifundo cha kidole: jiwe zima linatoa sauti butu, lililobanduka linatoa sauti tupu ya uwazi. Palipo na sauti hiyo usikanyage ukingoni.

Panda mahali unapoona utashuka. Ukifika sehemu unayohitaji mikono miwili kuipanda, simama. Njia ya kawaida ya kwenda kwenye tao haitaki hivyo. Maana yake umepotea kidogo, rudi hatua chache utafute upande wenye mteremko mwepesi.

Saba, chini ya tao

Kaeni. Kunyweni maji, vaeni masweta mapema kabla ya baridi. Ile saa ya mwisho jiwe linabadilika rangi kila dakika chache, kutoka hudhurungi hadi chungwa hadi jekundu, kwa sababu mwanga wa jua la chini unapita kwenye hewa nyingi zaidi na samawati inachujwa njiani, na ule mwekundu unaobaki unakutana na feldispa na kutu ya chuma iliyo kwenye jiwe. Ndani ya tao, upande wa chini, rangi inakuwa kali kuliko nje. Anayepiga picha aingie kivulini atazame nje kupitia tao, aweke watu pembeni na si katikati, maana katikati pana milima tayari.

Kuna wanaopanda juu ya tao lenyewe ili wapigwe picha. Mimi nawaomba msifanye hivyo. Juu pana mviringo, upepo wa jioni unakuja bila kupiga hodi, na jiwe lile limechukua muda mrefu kupita akili ya mtu kufikia umbo hilo.

Nane, kushuka

Kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Jua likigusa upeo, wa nyuma apige filimbi, watu wafunge mifuko. Picha ya mwisho ni hiyo. Likishazama kabisa, mnaanza kushuka, hamkai kusubiri rangi za angani. Hizo mtaziona vizuri zaidi mkiwa chini mchangani.

Nina kipimo kimoja ninachokiamini kuliko saa. Itazame graniti miguuni pako bila taa. Kama bado unatenganisha punje nyeupe na nyeusi, una mwanga wa kushuka. Zikianza kuchanganyika kuwa kijivu kimoja, ulipaswa kuwa chini. Hapo usikimbie: washa taa ya kichwani, kaa kitako penye mashaka, shuka kwa makalio. Suruali itachakaa, mguu utabaki.

Namna ya kushuka ni kukunja magoti, mwili ukiwa umegeuka ubavu kidogo, soli nzima ikilala juu ya jiwe. Anayeshuka kwa visigino anateleza. Aliye chini asisimame moja kwa moja chini ya anayeshuka. Mtoto ashikwe mkono upande wa bonde, si upande wa mlima. Msishuke kamwe mahali ambapo hamkupanda, hata panapoonekana pafupi. Graniti ya mviringo inakuonyesha mteremko mpole, kumbe chini yake umekatika wima.

Mkiwa mchangani hesabuni watu kwa majina. Rudini kwa mstari, taa zote zikimulika miguu. Mkiona hamtambui alama yoyote, simameni palepale, pigeni filimbi mara tatu, subirini, rudieni. Kutangatanga kati ya miamba usiku ndiko kunakozaa ajali.

Tisa, usiku

Msiendeshe usiku kurudi Swakopmund. Kudu na ngiri wanaingia barabarani, na kudu mmoja ana uzito wa kuvunja kioo na shingo. Laleni.

Kabla ya kulala kung'uteni viatu na mvitie ndani ya hema. Nge wapo, na wanang'aa kijani chini ya mwanga wa urujuanimno (UV). Ile taa ndogo ya kukagulia noti, ambayo wabadilishaji pesa wanayo, inawaonyesha mara moja. Zungukeni nayo hema kabla ya kutandika. Bukari, yaani ugali, mtapika vizuri tu kwenye makaa, ila sufuria iwe na mfuniko maana upepo unaleta mchanga.

Kumi, asubuhi

Takataka zote zirudi na motokari, pamoja na maganda ya karanga.

Kando ya njia kuelekea B2 mtakuta wachimbaji wadogo wakiuza fuwele walizozichimba kwenye milima ya jirani: kwatzi, turmalini, topazi. Watu wa Lubumbashi wanapenda mawe na wanajua kuyachagua, basi nunueni kutoka kwa mikono ya wachimbaji wenyewe, bei ijadiliwe kwa heshima kwa sababu tunajua wenyewe kazi ya kuchimba ilivyo. Ombeni risiti iliyoandikwa jina la jiwe, uzito na bei, hata kama ni karatasi ya daftari yenye sahihi, na mwulize wakala wenu wa Walvis Bay kama mawe hayo yanahitaji kibali cha kutoka nayo. Kuanzia Katima Mulilo hadi Kasumbalesa kila mpaka una mtu atakayeuliza mfuko huo una nini, na jibu lenye karatasi ni fupi kuliko jibu la maneno.